Mji na Kitabu: Barcelona katika Riwaya ya La sombra del viento

Utangulizi

Katika uhakiki wetu wa riwaya, suala la mandhari limezoea kuachwa hadi mwisho, baada ya maudhui, wahusika na lugha kushughulikiwa kwa kirefu. Mwanafunzi akiulizwa mandhari ni nini, hujibu kwamba ni mahali na wakati wa matukio, kisha huendelea na swali linalofuata. Jibu hilo si kosa, bali ni pungufu. Linaifanya riwaya ionekane kama mchezo wa kuigiza ambao pazia lake la nyuma laweza kubadilishwa bila mchezo wenyewe kuharibika. Ziko riwaya za namna hiyo. Lakini ziko nyingine ambazo, ukiziondoa katika mji wake, hakibaki kitu cha kusimulia.

Makala haya yanachunguza riwaya moja ya namna hii ya pili, nayo ni La sombra del viento ya Carlos Ruiz Zafón, iliyotoka mwaka 2001, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita Kivuli cha Upepo. Ni riwaya inayohusu vitabu: wanaoviandika, wanaoviuza, wanaovificha na anayevichoma moto. Mji wake ni Barcelona. Hoja yetu ina sehemu mbili. Kwanza, tunadai kwamba hewa na utamaduni wa Barcelona ndivyo vilivyoipa riwaya hii umbo lake, hata katika jinsi hadithi inavyosimuliwa. Pili, tunadai kwamba riwaya imepokea kutoka mji huo karibu kila kitu isipokuwa jambo moja kubwa, yaani lugha yake, na kwamba kimya hicho kinastahili kuhukumiwa na wahakiki wa lugha kuliko watu wengine wowote.

Kwa neno hewa tunakusudia mambo yanayomfikia mkazi wa mji kabla hajayafikiria: mwanga wa vichochoro, majina ya mitaa, kelele na unyamavu, na hofu anayojua kwamba jirani yake anayo pia. Kwa neno utamaduni tunakusudia desturi na taasisi: maduka ya vitabu, mikahawa, wachapishaji, sheria za udhibiti, na lugha inayosemwa nyumbani na ile inayosemwa ofisini.

Mtunzi na hadithi yake

Ruiz Zafón alizaliwa Barcelona mwaka 1964. Alianza kwa kuwaandikia vijana, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1993. Katika miaka hiyo ya 1990 alihamia Los Angeles, Marekani, na huko ndiko alikofariki tarehe 19 Juni 2020. Kwa hiyo Barcelona ya riwaya hii iliandikwa na mtu aliyekuwa mbali nayo. Jambo hili lina uzito wake, kwani mji unaokumbukwa kutoka ng'ambo hupungukiwa na mambo madogo ya kila siku na kuongezewa vivuli. La sombra del viento ilifuatwa na riwaya nyingine tatu, za mwaka 2008, 2011 na 2016, na zote nne huzunguka mahali pamoja pa kubuni panapoitwa Makaburi ya Vitabu Vilivyosahauliwa.

Hadithi huanza mwaka 1945. Daniel Sempere, mtoto wa muuza vitabu, anaamka usiku akilia kwa sababu hawezi tena kuukumbuka uso wa mama yake aliyefariki. Baba yake anamchukua alfajiri na kumpeleka katika jengo kuukuu karibu na barabara ya Rambla, mahali ambapo vitabu visivyo na msomaji hupewa hifadhi. Desturi ya mahali hapo ni kwamba anayeingia kwa mara ya kwanza huchagua kitabu kimoja na kukilea maisha yake yote ili kisipotee duniani. Daniel anachagua riwaya iitwayo pia La sombra del viento, iliyotungwa na mtu asiyejulikana, Julián Carax. Baadaye anagundua kwamba kuna mtu anayetembea nchini akitafuta kila nakala ya vitabu vya Carax ili kuichoma. Maisha ya Daniel yanakuwa safari ya kumtafuta mwandishi huyo, hadi maisha ya wawili hao yanapoanza kufanana kama sura na kivuli chake.

Mtu anaweza kudhani kwamba hadithi hii ingeweza kutokea Paris au Lisbon. Sivyo, kama tutakavyoona.

Mji unaojijua kuwa mji wa vitabu

Barcelona si mji uliobahatika tu kuwa na maduka ya vitabu. Ni mji ambao kwa karne nyingi umejiona na kuonekana kwa njia ya vitabu. Cervantes, katika sehemu ya pili ya Don Quijote iliyotoka mwaka 1615, alimpeleka shujaa wake Barcelona na kumwingiza katika kiwanda cha kupigia chapa. Huko mtu aliyepagawa kwa kusoma vitabu anayaona kwa macho yake maherufi yakipangwa na kurasa zikisahihishwa. Kwa hiyo, riwaya maarufu kuliko zote za Kihispania, ambayo nayo ni riwaya inayohusu vitabu, ilikuwa imekwisha kuuona mji huu kama mahali ambapo vitabu huzaliwa. Ruiz Zafón anapomfanya mvulana wa Barcelona akishike kitabu kisha maisha yake yageuzwe nacho, hatungi desturi mpya bali anaingia katika desturi ya zamani.

Desturi hiyo haikukoma. Sikukuu ya Mtakatifu George, tarehe 23 Aprili, ambapo Wakatalani walizoea kupeana mawaridi, imekuwa pia siku ya vitabu tangu mwaka 1930. Siku yenyewe ya vitabu ilikuwa imeanzishwa Hispania mwaka 1926 kwa pendekezo la mchapishaji mmoja wa Barcelona, ikaadhimishwa kwanza mwezi Oktoba. Mwaka 1995 UNESCO iliifanya tarehe 23 Aprili kuwa siku ya vitabu ya dunia nzima. Aidha, katika nusu ya pili ya karne ya 20 Barcelona ilikuwa mojawapo ya vituo vikuu vya uchapishaji wa vitabu vya Kihispania. Gabriel García Márquez aliishi huko kuanzia 1967 hadi 1975, na kampuni ya Planeta, iliyotoa riwaya tunayoijadili, iliasisiwa huko mwaka 1949.

Haya yanatueleza kwa nini katika riwaya hii muuza vitabu si mfanyabiashara mdogo tu. Sempere mzee, mwenye duka katika mtaa wa Santa Ana, ni maskini, lakini anaheshimika. Mwenziwe tajiri, Gustavo Barceló, hukutana na wapenda vitabu katika mkahawa wa Els Quatre Gats, wakibishana juu ya nakala adimu kama vile watu wa kwingineko wanavyobishana juu ya farasi au mashamba. Fermín Romero de Torres, ombaomba aliyeokotwa barabarani, anarudishiwa utu wake kwa kupewa kazi ya kusaka vitabu. Katika mji mwingine, mambo haya yangemtaka mtunzi ayaeleze. Katika Barcelona hayahitaji maelezo, kwani msomaji anayekubali mji anakubali pia kwamba kitabu kinaweza kuwa jambo la kufa na kupona.

Ukungu uliotengenezwa

Tukija katika hewa yenyewe, tunakutana na jambo la kushangaza. Barcelona ni mji wa pwani ya Mediterania, na jua lake ni kali na la kudumu. Lakini katika riwaya hii jua ni mgeni. Kuna ukungu wa alfajiri, mvua, theluji, moshi na taa hafifu. Nyumba ni kuukuu, milango hulia, na sanamu za malaika hutazama chini kutoka juu ya kuta. Msomaji anayeujua mji anaweza kulalamika kwamba huu si mji wake.

Lalamiko hilo lina haki, lakini halifiki mbali. Sehemu kongwe ya Barcelona, inayoitwa Mtaa wa Kigothi, yenyewe imetengenezwa kwa kiasi kikubwa. Uso wa kanisa kuu, ambao wageni huudhania kuwa wa zama za kati, ulijengwa mwishoni mwa karne ya 19, na mnara wake wa katikati ukakamilika mwaka 1913. Daraja la mawe lililopambwa, linalokatiza juu ya mtaa wa Askofu, lilijengwa mwaka 1928. Mji ulijitungia ukale wake, ukauvalisha mawe, na hatimaye watu wakasahau kwamba ulitungwa. Kwa hiyo Ruiz Zafón anapoongeza ukungu pale pasipokuwa na ukungu, anafuata mwenendo wa mji wenyewe. Uongo wake unafanana na uongo wa majengo.

Mfano wa Els Quatre Gats unathibitisha hoja hii. Mkahawa huo ulifunguliwa mwaka 1897, na kijana Picasso alionyesha picha zake humo mwaka 1900. Lakini ulifungwa mwaka 1903, na haukufunguliwa tena hadi miongo mingi baadaye. Katika riwaya, hata hivyo, Daniel anaingia humo katika miaka ya 1940 na kuwakuta watu wamekaa mezani. Kama historia, hilo ni kosa. Kama sanaa, ni kufufua. Riwaya inayodai kwamba vitabu vilivyosahauliwa vinaweza kurudishiwa uhai imeurudishia uhai mkahawa uliokufa, bila kumwarifu msomaji. Hatudhani kwamba mhakiki anapaswa kusamehe kila kosa la tarehe kwa hoja ya namna hii, lakini hapa kosa na dhamira vinakwenda njia moja.

Ramani kama msuko wa matukio

Umbo la ardhi ya Barcelona lina kazi kubwa zaidi kuliko ukungu. Mji umelala kati ya bahari na milima. Chini, karibu na bandari, kuna mitaa ya kale na mitaa ya maskini kama Raval. Juu yake upo mji mpya wa mitaa iliyonyooka, uliochorwa na Ildefons Cerdà mwaka 1859 baada ya kuta za kale kuanza kubomolewa mwaka 1854. Juu kabisa, kwenye miteremko ya mlima Tibidabo, matajiri wa viwanda na biashara walijenga majumba yao, na kuanzia mwaka 1901 tramu ya buluu ilipandisha abiria huko.

Sasa tuwaangalie wahusika. Makaburi ya vitabu yako chini, pembezoni mwa Raval. Jumba la ukoo wa Aldaya liko juu, katika barabara ya Tibidabo. Julián Carax analelewa nyumbani kwa Antoni Fortuny, mshona kofia, katika barabara ya Ronda de San Antonio. Barabara hiyo inafuata mstari wa kuta za zamani, yaani mpaka kati ya mji mkongwe na mji mpya. Mtunzi hakuliweka duka la kofia hapo kwa bahati. Julián ni mtu wa mpakani: hana hakika na baba yake, ana mama Mfaransa, na moyo wake hauko katika kazi ya nyumbani. Tajiri Ricardo Aldaya anapomchukua na kumpeleka katika shule ya watoto wa wakubwa, anampandisha mlima. Huko juu anampenda Penélope, binti wa tajiri, na upendo huo unawaangamiza wote wawili, kwani mwanamume aliyempandisha Julián mlimani ndiye baba yake hasa.

Miaka mingi baadaye Daniel anapanda mlima uleule kwa ajili ya msichana mwingine, na kuingia katika jumba lilelile, ambalo sasa ni gofu. Kupanda na kushuka ndiko kunakoisukuma hadithi mbele. Kila siri iko mahali pake katika ramani: ya familia juu, ya vitabu chini, na ya mateso katika ngome ya Montjuïc inayoikalia bandari. Msomaji aliyefunga kitabu anaweza kuuchora mji, na akiuchora mji atakuwa amekwisha kuusimulia msuko wa matukio. Hii ndiyo maana yetu tunaposema kwamba mandhari si pazia.

Tunaweza kulinganisha na riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ya mwaka 1999, ambamo Yasmini anapotoka katika mtaa mmoja wa Unguja na kuingia mwingine anakuwa amevuka mpaka wa kabila, wa dini na wa siasa. Huko pia hatua za mguu ni hatua za hadithi. Tofauti ni kwamba mji wa Shafi unakwenda mbele kuelekea mapambano, ilhali mji wa Ruiz Zafón unachimbwa kurudi nyuma kuelekea kaburi.

Mji wa unyamavu

Majeshi ya Franco yaliingia Barcelona tarehe 26 Januari 1939. Tarehe 15 Oktoba 1940 Lluís Companys, aliyekuwa rais wa serikali ya Katalonia, alipigwa risasi katika ngome ya Montjuïc. Riwaya hii inaanza chini ya miaka mitano baadaye, na katika ngome hiyohiyo Fermín aliteswa na Fumero, mtu aliyewatumikia mabwana wa pande zote kwa zamu kabla ya kuwa mkaguzi wa polisi wa utawala mpya.

Wasomaji wengi wanaitazama siasa hii kama kiungo cha kuitia riwaya ladha ya hatari. Sisi tunadai kwamba ndiyo iliyoamua namna hadithi inavyosimuliwa. Tuangalie: Daniel anataka kujua maisha ya mtu mmoja, Carax. Katika mji huru angekwenda kwa mchapishaji, akasoma magazeti ya zamani, akauliza polisi, na kazi ingekwisha kwa wiki chache. Katika Barcelona ya wakati ule hawezi. Mchapishaji ameungua, polisi ndiye adui, na kila mtu aliyebaki anajua kipande kimoja tu cha habari na anaogopa kukitoa. Kwa hiyo Daniel analazimika kwenda kwa mtu mmoja mmoja: bawabu wa nyumba, padri wa shule, mlezi mzee aliyewekwa katika nyumba ya wasiojiweza, mwanamke mmoja mpweke. Kila mmoja anasimulia kisa chake, na katika baadhi ya visa hivyo umo uongo. Ushahidi mrefu kuliko wote, ule wa Nuria Monfort, hausemwi kwa mdomo, bali umeandikwa na unamfikia Daniel baada ya mwandishi wake kuuawa.

Mtindo huu wa hadithi ndani ya hadithi mara nyingi huelezwa kuwa ni ufundi uliorithiwa kutoka riwaya za karne ya 19. Urithi huo upo. Lakini hapa mtindo huo una sababu katika maisha ya mji. Mahali ambapo ukweli hausemwi hadharani, hugawanyika vipande vipande na kukaa vifuani mwa watu, na njia pekee ya kuupata ni kuvikusanya vipande hivyo. Kadhalika ndivyo kitabu kinavyopata thamani yake ya pekee: ndicho kinywa ambacho polisi hawawezi kukitisha, ingawa wanaweza kukichoma. Riwaya inayohusu vitabu na riwaya inayohusu hofu ni riwaya moja.

Lugha iliyozikwa

Hadi hapa tumeisifu riwaya. Sasa hatuna budi kuiuliza swali gumu. Ni vitabu gani vilivyosahauliwa katika Barcelona ya mwaka 1945?

Jibu la historia ni wazi. Wakatalani wana lugha yao, Kikatalani, yenye fasihi tangu zama za kati. Mwanaisimu Pompeu Fabra aliisanifisha: kanuni za tahajia zilitoka mwaka 1913, sarufi mwaka 1918, na kamusi mwaka 1932, mwaka uleule Katalonia ilipopata haki ya kujitawala kwa kiasi. Utawala wa Franco uliifuta haki hiyo. Kikatalani kiliondolewa shuleni, maofisini na magazetini. Katika miaka ya mwanzo baada ya vita karibu hakuna kitabu cha Kikatalani kilichoruhusiwa kutoka waziwazi, na ruhusa ilianza kutolewa kidogo kidogo kuanzia mwaka 1946. Maktaba ya Fabra mwenyewe ilichomwa moto mwaka 1939 huko Badalona, jirani na Barcelona. Alifia uhamishoni Ufaransa mwaka 1948. Hata majina ya mitaa yalibadilishwa kuwa ya Kihispania, na barabara kuu ya Diagonal ikapewa jina la Franco.

Tuyaweke haya kando ya riwaya. Kuna mji ambao vitabu vyake vimezikwa kwa amri. Kuna mtu anayechoma vitabu. Kuna mahali pa siri ambapo vitabu visivyotakiwa huhifadhiwa. Msomaji anayeijua historia anangojea kwa hamu mambo haya matatu yakutane, nayo hayakutani. Kikatalani hakiwi tatizo la riwaya. Watu wenye majina ya Kikatalani, Sempere, Barceló, Monfort, Fortuny, wanazungumza Kihispania fasaha kana kwamba hawakuwa na lugha nyingine nyumbani. Carax, mwandishi aliyesahauliwa, ni mwandishi wa Kihispania. Na mchomaji wa vitabu, anapofunuliwa, si dola wala si chama. Ni Carax mwenyewe, anayechoma kazi yake kwa majuto na kukata tamaa.

Hapa ndipo tunapoona upungufu. Moto wa kweli wa mwaka 1939 uliwashwa na watu waliokuwa na sare, orodha na sheria. Moto wa riwaya umewashwa na mtu mmoja aliyevunjika moyo. Jambo la jamii limegeuzwa kuwa huzuni ya mtu binafsi, na msomaji anafunga kitabu akiwalilia wapenzi wawili pale ambapo angeweza pia kuililia lugha nzima. Kwa riwaya inayohusu kusahau, hilo nalo ni aina ya kusahau.

Yapo majibu ya kumtetea mtunzi, nasi tusiyapuuze. La kwanza ni kwamba alisomeshwa kwa Kihispania. Mtoto aliyezaliwa Barcelona mwaka 1964 alianza shule wakati Kikatalani bado hakikuwa lugha ya kufundishia, na mtu huandika kwa lugha aliyojifunza kuandikia. La pili ni kwamba Kihispania nacho ni lugha ya Barcelona: maelfu ya wakazi wake, hasa waliohamia kutoka mikoa mingine kutafuta kazi, hawakuwa na nyingine. La tatu ni kwamba majina ya mitaa katika riwaya yako sawa kihistoria, kwani ndivyo yalivyoandikwa wakati ule, na yalirudishwa katika Kikatalani baada ya uchaguzi wa mabaraza ya miji wa mwaka 1979.

Majibu haya matatu yanatosha kuhalalisha lugha ambayo riwaya imeandikwa, lakini hayatoshi kuhalalisha kimya chake. Mtu anaweza kuandika kwa Kihispania juu ya Kikatalani kilichonyamazishwa, vile vile mtu anavyoweza kusimulia kwa Kiswahili kisa cha mzee aliyekatazwa kusema Kipokomo au Kitaita mbele ya karani. Ubishi huu haukuisha na riwaya hii. Mwaka 2007 utamaduni wa Katalonia ulipokuwa mgeni wa heshima katika maonyesho ya vitabu ya Frankfurt, ujumbe rasmi ulijengwa juu ya waandishi wa Kikatalani, na waandishi kadhaa mashuhuri wa Barcelona wanaoandika kwa Kihispania hawakuwemo. Swali la nani ni mwandishi wa mji huu lilikuwa bado bichi.

Funzo kwetu

Mhakiki wa Afrika Mashariki hana ruhusa ya kulitoa hukumu hili akiwa ameketi juu ya kiti kirefu. Lawama tuliyoielekeza Barcelona inaweza kurudi kwetu upesi.

Tuanze na Nairobi. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, ikawa ya Wazungu peke yao mpaka uhuru ulipokaribia. Anayetaka kutunga riwaya ya Nairobi inayohusu vitabu itambidi aanzie kwenye mlango huo, na kwa mtu aliyeupita kila siku bila kuruhusiwa kuingia. Bila hilo atakuwa na jengo zuri lenye sanamu za simba, lakini hatakuwa na mji.

Tuendelee na lugha. Riwaya ngapi za Kiswahili zinatupeleka mitaa ya Nairobi au Mombasa, na kumfanya kila mhusika, kuanzia utingo wa matatu hadi waziri, aseme Kiswahili sanifu cha kitabuni? Tunajua kwamba mjini watu husema Kikuyu, Kiluo, Kikamba na Sheng, na kuchanganya zote katika sentensi moja. Kimya chetu juu ya jambo hili kina sababu nzuri, kama kile cha Ruiz Zafón, lakini ni kimya. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipotoa Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kikuyu mwaka 1980, aliuvunja unyamavu wa namna moja. Unyamavu wa namna nyingine ungali unangojea.

Hata Kiswahili sanifu chenyewe kina makaburi yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Ulikuwa uamuzi wenye manufaa, na sote tunaoandika katika kurasa hizi tunaishi kwa matunda yake. Lakini Kiamu na Kimvita, lahaja zilizobeba tenzi na mashairi makuu kwa karne nyingi, zilisogezwa pembeni, na miswada yao mingi ikabaki katika masanduku ya nyumba za Lamu, Pate na Mombasa, mingine ikiliwa na mchwa. Hakuna aliyeichoma. Ilitosha kuacha kuifundisha.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika La sombra del viento mji ni zaidi ya mahali. Desturi ya vitabu ya Barcelona imewapa wahusika sababu ya kuishi. Ukale wake uliotengenezwa umempa mtunzi ruhusa ya kutengeneza ukungu wake. Umbo lake la kupanda kutoka baharini hadi mlimani limekuwa msuko wa matukio, na hofu yake baada ya mwaka 1939 imezaa mtindo wa kusimulia kwa ushahidi uliogawanyika. Haya ni mafanikio makubwa, na msomaji anayeipenda riwaya hii hana haja ya kuona haya.

Lakini mji ulitoa pia zawadi ambayo riwaya haikuipokea. Mwishoni mwa kitabu, mwaka 1966, Daniel anamshika mkono mwanawe na kumpeleka alfajiri katika makaburi yaleyale, achague naye kitabu cha kukilea. Tunaweza kumwazia mtoto huyo akipapasa rafu za chini, zile za mwisho kabisa, na kukuta kitabu ambacho baba yake hakumwambia kipo, kimeandikwa kwa lugha ambayo nyanya yake aliizungumza. Riwaya inaishia kabla hajafika hapo. Kazi ya uhakiki ni kuendelea na njia hiyo, na kazi ya watunzi wetu ni kuhakikisha kwamba katika miji yetu rafu hizo hazisahauliwi.